Shuka Kavu

Profesa Kalokola alivua saa, akavua viatu, akafungua vifungo vya shati, lakini kiraka hakukigusa. Alikaa ukingoni mwa kitanda cha ukaguzi, vidole viwili vikiwa nyuma ya sikio la kushoto, pale kilipobandikwa.

“Na hiki lazima?”

“Hicho ndicho tulichokuitia, Profesa,” alisema Dakta Nakijwa. “Vingine vyote ungeweza kulala navyo.”

Alicheka. Kalokola alikuwa mtu wa kucheka kwa adabu, kwa sauti ya chini, kama mgeni anayekaribishwa chakula. Tangu avumbue kile kitu hakuwahi kulala bila kukivaa, alisema, na mke wake angeshangaa kusikia habari hizi. Kisha akamtazama vizuri yule mwanamke aliyesimama mbele yake na koti jeupe, na kicheko kikamkauka.

“Wewe ni mama wa ile kesi.”

“Ndiyo mimi.”

“Hakuna daktari mwingine?”

“Yupo mwenzangu, yuko likizo Ukerewe. Unaweza kumsubiri. Ila nasikia unaapishwa Jumatatu.”

Kalokola alifikiri kidogo. Halafu akainamisha shingo, na Nakijwa akakibandua kiraka kwa kibanio, taratibu, bila kumuumiza. Nyuma ya sikio ngozi ilikuwa imepauka, laini, kama ngozi ya mtoto.

Katika Dodoma ya miaka ile hapakuwa na mtu mzima aliyelala bila kiraka kile, Tulizo, ukiwatoa wabishi wachache, na Nakijwa alikuwa mmoja wao. Usiku ulikuwa na joto la mchana wa zamani. Watu walikuwa wakiamka mashuka yamelowa chapachapa, wanamaliza maji ya mgao kabla ya alfajiri, wanakwenda kazini macho mekundu. Ndipo Kalokola akaleta kiraka chake, kitu kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Kilisema na ile sehemu ya ubongo, chini kabisa, inayopanga mwili uwe na joto gani. Kiliiambia kwamba pametulia, jasho halihitajiki. Mishipa ya viganja na nyayo ikafunguka, joto likashukia huko, na godoro la Tulizo, lenye mirija ya maji baridi ndani yake, likalichukua. Mtu akalala mkavu. Maji ya mji yakaanza kutosha. Watoto wachanga waliokuwa wakifa kwa joto wakaacha kufa. Hata Nakijwa hakuweza kulikataa hilo, na ndilo lililomuuma kuliko yote.

Viraka vya kwanza vilikuwa na taa. Mwili una sababu nyingi za kutoka jasho usiku, na nyingi hazina neno: chumba kisichopitisha hewa, blanketi zito, pombe, pilipili, ndoto mbaya, dawa fulani fulani, mwanamke kufikia umri wa kukoma hedhi. Lakini zipo chache zenye neno. Kifua kikuu huanza hivyo. Saratani ya tezi, ile ya tezi za limfu za shingoni na kifuani, huanza hivyo, mtu hana maumivu yoyote, ila anaamka kalowa kama aliyemwagiwa ndoo. Kiraka hakikuweza kutofautisha. Kilijua tu kwamba mwili umetaka kutoka jasho na joto la chumba halikuwa sababu, basi taa nyekundu ikawaka. Watu wakaanza kukesha wakichunguzana nyuma ya masikio. Hospitali zikafurika. Waliokutwa wagonjwa kweli walikuwa wachache mno, na waliobaki walirudisha viraka dukani kwa hasira. Kalokola akaiondoa taa.

Semvua, mume wa Nakijwa, alikuwa dereva wa treni ya umeme ya kwenda Kigoma. Kampuni ya reli iliwalazimisha madereva wote kuvaa Tulizo ili walale vizuri. Alilala vizuri. Alilala vizuri mwaka mzima huku saratani ya tezi ikimjaa kifuani, na jasho ambalo lingewaamsha wote wawili na kuwakimbiza hospitali halikutoka hata tone. Siku aliposhindwa kupanda ngazi ya kichwa cha treni, ilikuwa imebaki kazi ya kumfariji tu.

Nakijwa alifungua kesi. Ukumbini, mbele ya majaji na waandishi wa habari, Kalokola alisimama na suti yake ya kijivu akasema kwa upole: “Mama huyu ni daktari. Amelala kitanda kimoja na mgonjwa mwaka mzima, hakuona kitu. Leo anataka kiraka kione.” Watu walicheka. Si wote, lakini waliocheka walitosha.

Alichoambulia kwenye kesi ile ni sheria moja ndogo: kila dereva wa treni, na kila kiongozi wa umma kabla ya kuapishwa, alale usiku mmoja bila kiraka, kwenye chumba kilichopozwa kiasi kwamba mtu mwenye afya hana sababu ya kutoka jasho, na daktari amwone asubuhi. Sasa Kalokola alikuwa ameteuliwa kuongoza Mamlaka ya Maji, na sheria ilikuwa imemfikia.

“Usiku mwema, Profesa,” alisema Nakijwa, akamzimia taa.

*

Alifika asubuhi jua likiwa limeshachomoza. Alimwambia nesi aende akanywe chai, yeye atamwandaa mgonjwa. Kisha akafungua mlango.

Kalokola alikuwa bado amelala kwa dawa ya usingizi aliyoiomba mwenyewe. Shati la kulalia lilikuwa limemganda mgongoni. Mto ulikuwa na doa pana kama ramani. Nakijwa aliweka kiganja kwenye shuka, kando ya mbavu za yule mtu, akabonyeza, na maji yakapanda kati ya vidole vyake. Alitazama kipimajoto cha ukutani. Chumba kilikuwa na ubaridi wa kutosha kumfanya yeye mwenyewe atamani sweta.

 Halafu akainama, akapitisha vidole shingoni mwa Kalokola, chini ya taya, nyuma ya masikio, akateremka hadi kwenye kishimo kilicho juu ya mtulinga, ule mfupa unaotoka shingoni kwenda begani. Vikakuta kinundu. Kigumu kidogo, hakiumi, kinateleza chini ya kidole, ukubwa wa korosho. Kando yake kingine. Alikuwa amevigusa vinundu kama hivyo mara nyingi kazini, na mara moja nyumbani, kwa kuchelewa.

Kitu kilichompanda kifuani hakikuwa huruma. Kilikuwa furaha, tena kali.

Kalokola aliamka, akajishika shati, akakunja uso. “Nimelowa. Hii ndiyo hali ya zamani?”

“Jana jioni ulikula nini?”

“Tulikuwa na tafrija. Wenzangu walinipongeza. Nyama choma, pilipili, mvinyo glasi mbili tatu.” Alimtazama, na kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa na swali la kweli. “Kuna tatizo, daktari?”

Hapo ndipo palipokuwa mlango, na Nakijwa aliujua. Angesema neno moja tu. Ugonjwa ule ukishikwa mapema unapona, siku hizi unapona kabisa, kwa sindano za miezi michache. Alitazama mkanda wa suruali uliotundikwa kwenye kiti na kuona tundu jipya lililotobolewa karibuni.

“Umepungua, Profesa.”

“Nimeacha ugali wa usiku,” alisema kwa fahari kidogo.

“Umefanya vizuri.” Sauti yake ilikuwa tulivu, naye akashangaa kwamba ni yake. “Jasho hili ni la mvinyo na pilipili. Pombe inafungua mishipa, pilipili inaudanganya mwili kwamba umeungua. Siku nyingine kula mapema, uache saa chache kabla ya kulala. Kahawa usinywe jioni. Vaa nguo nyepesi ya pamba, tandika shuka jepesi, fungua dirisha hewa ipite. Ukiamka umelowa, badilisha nguo, kunywa maji, rudi kulala.”

Kila neno lilikuwa kweli. Ndiyo ushauri ambao alikuwa akiwapa wagonjwa wake kila siku, na wengi uliwasaidia. Aliuchagua kama mtu anavyochagua kisu kwenye droo.

“Ni hivyo tu?”

“Ni hivyo tu. Uko mzima.”

Akachukua kiraka kipya, akakifungua, akakibandika nyuma ya sikio la Profesa Kalokola, na kukikandamiza kwa kidole gumba hadi kikashika.

*

Wiki zilizofuata watu walimwuliza Nakijwa kama amepata mchumba.

Alikuwa katika umri wake wa mabadiliko, na kwa miaka mitatu joto lilikuwa likimpanda usiku kutoka kifuani hadi usoni. Alikuwa na mpangilio wake: kanga mbili za pamba kando ya kitanda, moja ya kujifunga na moja ya kubadilisha, kitambaa kilicholowekwa, feni ndogo miguuni. Joto liliendelea kumpanda, ila sasa aliamka, akajifuta, akabadilisha kanga, akalala tena kama gogo. Asubuhi alisoma habari za Kalokola. Kalokola anakagua bwawa. Kalokola anazindua mtambo. Kalokola atangaza Tulizo ya watoto, shule zote za msingi kuanza muhula ujao. Alikuza picha kwa vidole viwili na kuitazama kola ya shati, jinsi ilivyoanza kumpwaya shingoni.

Mama Semvua, mama mkwe wake, aliyekuja kutoka Same kumzika mwanawe na hakurudi tena, ndiye aliyemtoa siri. Walikuwa wanachambua mchicha barazani siku ya Jumamosi mchana.

“Unaimba,” alisema yule mzee.

“Siimbi, mama.”

“Tangu juzi unaimba. Tangu mwanangu afe sijakusikia ukiimba. Kama kuna mtu, niambie. Sitakasirika.”

Nakijwa akacheka, halafu akamwambia. Alimwambia yote: shuka, kinundu, mvinyo, kiraka kipya. Mama Semvua aliendelea kuchambua mchicha. Vidole vyake havikusimama hata mara moja.

“Atakufa?”

“Akiendelea hivi, ndiyo.”

“Lini?”

“Kabla ya mwaka kuisha.”

“Na atajua kwamba ni wewe?”

“Hapana. Hata ugonjwa ataujua mwishoni tu, kama Semvua.”

Mzee aliweka ungo chini. “Basi hapo mimi sioni ulichomfanya.”

“Mama?”

“Mwanangu alikufa akiniuliza, mama, nimekosea wapi? Alidhani ni kosa lake. Sasa huyu naye afe hajui, wamzike na bendera, wamsifu, kiraka chake kibaki kwenye masikio ya watu, cha watoto nacho kije. Hiyo ndiyo adhabu? Hiyo ni ajali tu.” Alifuta mikono kwenye kanga. “Mimi nataka ajue. Nataka akae kitandani akijua ni kitu gani kinamla na ni nani aliyekificha. Usipompa hilo, hujanipa kitu.”

Nakijwa hakulala vizuri usiku ule. Mama Semvua alikuwa amesema kweli, na kweli ile ilikuwa na mtego ndani yake. Akimwambia Kalokola leo, atajua, lakini pia atatibiwa na kupona. Asipomwambia, hatajua. Alipindua jambo lile kwa siku kadhaa, kazini na nyumbani, hadi akapata njia ya tatu, na njia hiyo ilimtosheleza kabisa. Angesubiri. Angeacha ugonjwa uvuke pale ambapo sindano zinaweza kuufikia, kisha aende, akae mbele yake, amweleze taratibu. Atajua, na kujua hakutamsaidia.

Alikadiria: hadi mvua za kwanza. Akaweka moyo wake hapo, na moyo ukatulia.

*

Mwalimu Sikudhani aliletwa na mume wake asubuhi ya siku ya kawaida tu. Alikuwa msichana mwembamba aliyefundisha shule ya msingi ya Nzuguni, ameolewa karibuni, hina bado haijafutika vizuri kwenye kucha. Alikuwa na shida ya kupumua akilala chali. Kwenye picha ya kifua Nakijwa aliona tezi zimejaa, kama za Semvua.

“Mashuka yenu yakoje asubuhi?” alimwuliza mume, ingawa alijua.

“Makavu, daktari,” alisema kijana, kwa namna ya mtu anayesifia nyumba yake. “Tuna Tulizo wote wawili. Zawadi ya harusi.”

“Homa? Jasho?”

“Hana. Analala fofofo. Mimi ndiye wa kukoroma.”

Sikudhani alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Kilipotulia aliuliza, “Daktari, kuna kitu nilikosea? Nilichelewa kuja?”

Nakijwa alimshika mkono. Ulikuwa mkavu na wa baridi, mkono wa mtu aliyelala vizuri. “Hukukosea kitu, mwalimu. Usingeweza kujua.”

Akamwandikia dawa, akampigia simu daktari wa saratani, akasimamia mwenyewe alazwe siku ile ile. Huenda angewahi, huenda asingewahi. Walipoondoka alifunga mlango wa chumba chake.

Alikaa kitambo akitazama mikono yake juu ya meza. Kwa wiki sita alikuwa amembeba Kalokola kifuani kama mtu aliyeficha kitu kitamu, na kwa wiki hizo hizo binti huyu alikuwa akilala mkavu. Mtu mmoja tu nchini angeweza kuirudisha taa ile kwa neno la mdomo wake, akaaminiwa. Mtu huyo alikuwa na ushahidi wote ndani ya mwili wake mwenyewe, na Nakijwa ndiye aliyeuziba kwa kidole gumba. Alikuwa amefanya kazi ya kiraka. Alijaribu kuupata tena ule utulivu wa kusubiri mvua. Hakuupata. Chuki ilikuwa palepale, haikupungua hata chembe, lakini sasa haikuwa na mahali pa kukaa.

Akavua koti, akachukua mkoba.

*

Nyumba ya Kalokola ilikuwa Ilazo, ukuta mweupe, mabomba ya maji baridi yakipita juu ya paa. Mke wake, Kokushubila, alimfungulia mwenyewe. Alikuwa mwanamke mrefu, mchangamfu, na hakujua mgeni ni nani. Akamkaribisha sebuleni, akaenda kuleta juisi.

Kalokola alitoka chumba cha kazi akiwa na miwani mkononi. Suti ilimning’inia. “Daktari,” alisema. “Kama ni habari za kesi, zungumza na wakili.”

“Kaa, Profesa.”

Labda ni sauti. Alikaa.

“Una saratani ya tezi,” alisema Nakijwa. “Weka vidole hapa, juu ya mtulinga, upande wa kushoto. Bonyeza.”

Hakubonyeza. Alimtazama, kisha polepole tabasamu likaja. “Nilikuwa nakungojea ufanye kitu kama hiki. Nilidhani utakuwa na akili zaidi. Wewe mwenyewe umenipima. Ulisema mimi ni mzima, ukatia saini.”

“Nilisema uongo.”

Kokushubila alikuwa amesimama mlangoni na trei.

“Asubuhi ile shuka lako lilikuwa linachuruzika kwenye chumba cha baridi,” aliendelea Nakijwa. “Mvinyo haufanyi vile. Nilivigusa vinundu vyako ukiwa umelala. Nilijua tangu dakika ile. Nikakwambia ni pilipili, nikakubandika kiraka kipya.”

“Mume wangu,” alisema Kokushubila kwa sauti ndogo. “Bonyeza.”

Mkono wa Kalokola ulipanda wenyewe. Vidole vilitafuta, vikasimama. Akavirudisha nyuma na kuvileta tena, kama mtu anayesoma neno ambalo hataki kulisoma. Kokushubila akaweka trei chini.

“Kwa muda gani?” aliuliza.

“Wiki sita.”

“Wiki sita umenitazama nikitembea.”

“Ndiyo.”

“Wewe ni daktari. Uliapa.”

“Niliapa. Na wewe ulikuwa na taa, ukaizima.”

Kalokola alisimama, na kusimama kule kukamchosha. “Taa ile ilikuwa inawaua watu kwa hofu. Umewahi kuona mji mzima usiolala? Mamia walikimbilia hospitali, na kati yao wagonjwa hawakujaa hata kiganja. Nilipima. Nilichagua wengi walale.”

“Najua ulipima. Semvua alikuwa ndani ya kile kiganja.” Alivuta pumzi. “Na leo na wewe umo.”

 Kokushubila alikuwa amekaa mkono mdomoni.

“Bado unapona,” alisema Nakijwa. Maneno yale yalimtoka kwa shida, kama mwiba wa samaki. “Uvue kiraka leo. Kesho nenda ukaanze sindano, kwa daktari yeyote unayemwamini, si kwangu. Sikuja kukuokoa, Profesa. Nimekuja ili ujue. Basi tu, siwezi kukupa moja bila kukupa na lingine.”

“Nitakuangamiza,” alisema Kalokola. Hakupaza sauti. “Nitakupeleka Baraza la Madaktari. Hutagusa mgonjwa tena maisha yako.”

“Nipeleke.”

“Unadhani nakutishia?”

“Nadhani utanipeleka. Naomba unipeleke.” Nakijwa alichukua mkoba wake. “Watakuuliza nilificha nini. Utawaambia: dalili za ugonjwa wangu. Watakuuliza, mwenyewe hukuziona? Utawaambia nini, Profesa? Huwezi kunifunga mimi bila kusema kilichokufumba macho wewe. Chagua. Ukinyamaza, mimi ninabaki na koti langu na wewe unabaki na Tulizo yako, na watoto wa shule wanavalishwa muhula ujao. Ukisema, tunaanguka wote.”

Alifika mlangoni ndipo alipomsikia Kokushubila akimwambia mume wake, “Geuka,” halafu sauti ndogo ya kitu kikibanduka kwenye ngozi.

*

Baraza lilikutana baada ya mvua za kwanza. Ukumbi ulijaa. Nakijwa alikaa kiti cha mshtakiwa na Mama Semvua alikaa nyuma yake, gauni jipya, mikono magotini.

Kwa miezi ile hakujua Kalokola angechagua nini. Alisikia tu kwamba amejiuzulu Mamlaka ya Maji kwa sababu za kiafya. Uzinduzi wa viraka vya watoto ulisogezwa mara moja, halafu mara ya pili. Halafu siku moja hati ya mashtaka ikaletwa kwenye dawati lake, na chini yake saini ya Kalokola, kwa wino wa kutetemeka. Aliishika na kucheka peke yake, kicheko cha kuumiza koo.

Sasa alikuwa pale mbele, bila nywele, bila nyusi, amekonda kwa sindano, mke wake akimshika kiwiko. Aliapa. Mwenyekiti wa Baraza, mwanamke mwenye sauti ya mwalimu mkuu, alimwuliza maswali moja baada ya jingine, naye akayajibu kwa usahihi wa mtu wa sayansi. Alilala wapi. Aliamkaje. Aliambiwa nini. Nakijwa aliyasikia makosa yake yakitajwa moja moja, na hakukana hata moja.

“Profesa,” alisema mwenyekiti, “kabla ya usiku ule wa ukaguzi, na wiki zote zile baadaye, wewe mwenyewe hukuona dalili yoyote? Jasho la usiku ndilo dalili kubwa ya ugonjwa huu.”

Kalokola aliinamia kipaza sauti. 

“Sikuona,” alisema. “Mwili wangu ulitaka kutoka jasho kila usiku. Kiraka changu kiliuzuia. Nililala vizuri sana.”

Mwandishi mmoja wa habari alisimama, akaketi tena. Mahali fulani katikati ya ukumbi, mtu alipeleka mkono nyuma ya sikio lake, kisha jirani yake naye, kisha safu nzima. Mlio mdogo wa kubandua ulienea kama mvua inavyoanza kwenye bati. Nakijwa hakugeuka kutazama. Alikuwa anamtazama Kalokola, na Kalokola alikuwa anausikiliza mlio ule macho yamefumbwa.

Walimnyang’anya leseni kabla ya saa sita mchana. Mwenyekiti alisoma uamuzi huku akimkwepa macho. Nakijwa aliinuka, akavua beji yake, akaiweka mezani. Iliuma kuliko alivyotarajia. Alidhani angekuwa amejaa ushindi kiasi cha kutosikia chochote, lakini mkono ulipoiacha ile beji alisikia ubaridi mtupu pale ilipokuwa imening’inia miaka yote. Sikudhani alikuwa wodini bado, akipumua kwa mashine. Asingeweza kuingia kumwona tena kama daktari.

Kwenye korido alikutana na Kalokola. Alikuwa amekaa kwenye benchi, anapumzika, mke wake amekwenda kuita gari. Walitazamana. Hapakuwa na mtu wa kuwachekea wala wa kuwapigia makofi.

“Wanasema nitapona,” alisema yule mtu. Halafu akauliza: “Nikipona, utakuwa umeshindwa?”

Alilifikiria swali lile kwa haki, kwa sababu lilikuwa la haki. Alimfikiria Semvua kwenye ngazi ya treni. Alitafuta moyoni kama kuna msamaha mahali, akakuta hakuna, na hakujisikia vibaya.

“Hapana, Profesa,” alisema. “Mimi nataka uishi. Uishi miaka mingi, uzeeke. Na kila usiku, katika joto hili, uamke umelowa kama sisi, ushike shuka, usijue ni joto tu au ni ule ugonjwa umerudi. Na ukae hivyo hivyo gizani hadi kuche, ukijiuliza.”

Akamshika mkono Mama Semvua, aliyekuwa akimngoja mlangoni, wakatoka nje kwenye jua.